Elibizden

Chukua neno moja tu: elibizden. Lina herufi tisa na silabi nne, na mtu akilisikia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni jina la dawa ya malaria. Kumbe ni maneno yetu matatu yaliyoshikana: "kutoka kijijini kwetu". El ni kijiji, -ibiz ni "-etu", na -den ni "kutoka". Lugha yenyewe ni Kikarachay-Balkar, ya watu wa milimani kaskazini mwa Kaukazi, nchini Urusi. Nimekaa na neno hili muda mrefu kuliko inavyompasa mtu asiye na ndugu wala shamba huko.

Kilichonishika ni mpangilio wake. Angalia ni nani aliyekaa karibu na kijiji. Si "kutoka". Ni "-etu". Mwenye mali ameganda kwenye mzizi, safari inafuata nyuma yake. Ukitaka kuigeuza foleni hiyo, kiambishi cha mahali kitangulie na cha umiliki kifuate, sarufi inakukatalia. Waturuki, Wakazakh na Wakirgizi nao hupanga vivyo hivyo, kwa hiyo hii si ajabu ya lugha moja. Lakini mwaka 1943 na 1944 Wakarachay na Wabalkar walitendewa jambo ambalo limenifanya nishindwe kulitazama neno hili kama mfano wa kitabuni tu.

Kwanza tuwajue. Ni jamii mbili zenye lugha moja: Wakarachay magharibi ya mlima Elbrus, Wabalkar mashariki yake. Mlima wenyewe una mita 5,642 na wao huuita Mingi Tau, jina lisilo na uhusiano wowote na "mingi" yetu. Sensa ya Urusi ya mwaka 2010 ilihesabu wasemaji zaidi ya laki tatu, na wako wengine Uturuki, Asia ya Kati na hata Marekani, katika jimbo la New Jersey. Lugha yao ni ya ukoo wa Kituruki, tawi la Kikipchak. Ndugu wa kale wa lugha hiyo ameandikwa katika Codex Cumanicus, mkusanyiko wa karne ya 14 uliowasaidia wafanyabiashara na wamisionari wa Ulaya kuongea na Wakuman wa nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi, na ambao hadi leo umehifadhiwa Venice.

Msomaji wa Kiswahili akiingia humo hapotei kabisa. Atakuta kitab, zaman, dunya, adam. Uislamu ulipanda milima hiyo na maneno yake kama ulivyopita katika bandari zetu, na kabla ya karne ya 20 wao nao waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, kama washairi wa Mombasa na Lamu walivyoandika Kiswahili. Katika miaka ya 1920 wakahamishiwa herufi za Kilatini, na miaka ya 1930 haijaisha wakahamishiwa za Kirusi. Mtu mmoja angeweza kujifunza kusoma mara tatu katika lugha ileile kabla hajafika umri wa kuoza binti.

Sasa sarufi. Najua si kila mtu hufurahia jedwali la viambishi, ila hapa nivumilie, kwa sababu bila hilo yanayofuata yatakuwa simulizi ya huzuni kama nyingine.

Kiswahili hakibadilishi nomino kulingana na kazi yake katika sentensi. Mbwa akiuma ni mbwa, akiumwa ni mbwa. Kikarachay-Balkar hubadilisha mwisho wa nomino, na wanasarufi huhesabu hali sita. El, bila nyongeza, ni kijiji kama kitenda. Elge ni kuelekea kijijini, elde ni kijijini, elden ni kutoka kijijini. Elni ni kijiji kinachotendwa jambo, tuseme kuonwa au kuchomwa. Na elni, neno lilelile, ni "-a kijiji", kama tunavyosema njia ya kijiji. Hali mbili zimevaa kanzu moja. Kikazakh na Kikirgizi bado huzitenganisha: mmiliki anapewa kiambishi chake na kitendwa chake. Kikarachay-Balkar kiliziacha zikaungana, na msikilizaji hujua kwa muktadha kama kijiji kinamiliki kitu au kinatendwa kitu.

Linganisha na letu -ni la nyumbani. Naenda nyumbani, niko nyumbani, natoka nyumbani. Nomino haitikisiki, kitenzi ndicho kinachobeba mzigo wote wa mwelekeo. Kwao nomino inajua inaelekea wapi hata kabla kitenzi hakijatamkwa, na kwa kuwa kitenzi chao hukaa mwisho wa sentensi, mara nyingi ni nomino inayokuambia kwanza kama mtu anarudi au anaondoka.

Zipo pia sehemu tunazofanana bila kujuana. Kiambishi chao cha kitendwa hakiwekwi kila mara. Kitab aldım ni "nilinunua kitabu", kitabu chochote. Kitabnı aldım ni "nilikinunua kitabu", kile tunachokijua wewe na mimi. Sisi tunaweka -ki- ndani ya kitenzi, wao wanaweka -nı kwenye nomino, na kazi ni ileile: kumwambia msikilizaji kwamba tunazungumzia kitu ambacho tayari kiko kati yetu. (Hiyo ı isiyo na nukta hutamkwa kama i iliyorudishwa nyuma ya kinywa.) Halafu kuna irabu zinazofuatana kwa sura. El huchukua -de, lakini tau, mlima, huchukua -da: elde, tauda. Aliyewahi kujiuliza kwa nini tunasema pigia lakini somea amekwisha kukutana na jambo la jamii hiyo.

Kwenye umiliki ndipo utamu ulipo. Ata ni baba. Atam ni babangu, atang ni babako, atası ni babake, atabız ni baba yetu. Hapa Mswahili wa pwani hana cha kushangaa. Tuna mamangu, mwanao, nduguye, mkewe, mwenzetu. Tofauti ni kwamba sisi tumeweka heshima hiyo ya kuganda kwa jamaa na watu wa karibu zaidi, na maneno machache mengine. Mtu husema mamangu lakini hasemi mezangu. Kwao kila kitu kinaweza kuganda: baba, kijiji, kisu, mlima. Hakuna mstari kati ya ndugu na mali.

Nikipenda mfano mmoja kuliko mingine ni at. Neno hili ni farasi, na pia ni jina. Atım ni farasi wangu, au jina langu. Kwa watu ambao kwa karne nyingi walijulikana kwa farasi wao (wapo farasi wa Karachay, aina inayofahamika mpaka nje ya Urusi) naona mgongano huo wa sauti ni wa bahati njema.

Ukitaka kusema mama yake Aslan unasema Aslannı anası: "wa Aslan, mamake". Umiliki umetajwa pande zote mbili, kwa mwenye nacho na kwa kinachomilikiwa. Sisi tuna nusu yake tunaposema "mamake Aslan", ambapo mama tayari ana -ke kabla hata Aslan hajatajwa. Walimu wengine wa insha huikata kwa kalamu nyekundu na kudai "mama wa Aslan". Mimi nimo katika kundi la wanaoona kwamba lugha inayorudia kumtaja mwenye kitu mara mbili inajua inachofanya.

Sikiliza na hizi mbili: elingde na elinde. Ya kwanza ni "kijijini kwako", ya pili "kijijini kwake". Katika ya kwanza ng hutamkwa kama kwenye ng'ombe, katika ya pili ni n ya kawaida. Sauti moja ya puani inaamua kijiji ni cha nani. Wageni wengi huichanganya. Msemaji wa Kiswahili, aliyekua akitofautisha ng'ombe na nomino, ana sikio lililokwisha kuandaliwa.

Na kuna r. Katika lugha nyingi za Kituruki wingi ni -lar au -ler. Wakarachay na Wabalkar waliidondosha r ya mwisho, kwa hiyo milima ni taula, milimani ni taulada, kutoka milimani ni tauladan. R haisikiki popote. Lakini weka mwenyewe, sema "milima yangu", na mara inarudi: taularım. Milima yetu: taularıbız. Mwanaisimu atakuambia ni suala la sauti tu. R ilidondoka ilipokaa mwisho wa neno au mbele ya konsonanti, na kiambishi cha umiliki huanza na irabu, basi ikasalimika. Ni kweli, na sina hoja dhidi yake. Nasema tu kwamba katika lugha hii kuna sauti ya kale ambayo husikika pale milima inapokuwa ya mtu.

Mwaka 1930 Mkarachay mmoja, Umar Aliev, alichapisha sarufi ya Kikarachay-Balkar. Ulikuwa wakati wa matumaini. Dola ya Kisovieti ilikuwa ikijenga alfabeti, shule na magazeti kwa lugha ndogondogo, na jimbo la Karachay lilikuwa limepewa mji mkuu mpya, Mikoyan-Shakhar. Wimbi la kukamatwa la 1937 likamkumba Aliev na hakutoka hai. Aliyepanga majedwali ya "-etu" hakuishi kuona serikali iliyomchapisha ikiwahamisha wenye hiyo "-etu".

Wajerumani waliingia Kaukazi ya Kaskazini kiangazi cha 1942. Agosti askari wao wa milimani wakapanda Elbrus na kusimika bendera, na mapema mwaka uliofuata walikuwa wamekwisha kufukuzwa. Baada yao zikaja tuhuma kwamba Wakarachay, kama taifa zima, walishirikiana na adui. Amri ilitolewa tarehe 12 Oktoba 1943. Tarehe 2 Novemba askari wakaanza kuwakusanya watu. Karibu watu 69,000 walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa Kazakhstan na Kirgizia. Miezi minne baadaye, tarehe 8 Machi 1944, siku ambayo nchi nzima ilikuwa ikiadhimisha wanawake, ikawa zamu ya Wabalkar, takriban 37,000. Wengi wa waliopakiwa walikuwa wanawake, watoto na wazee, kwa sababu wanaume walikuwa vitani wakipigana na Wajerumani haohao. Wao nao baadaye walitolewa jeshini na kufuatishwa uhamishoni.

Kisha majina yakafuata. Mikoyan-Shakhar iliitwa Klukhori na kukabidhiwa Georgia pamoja na sehemu kubwa ya ardhi ya Karachay. Tarehe 8 Aprili 1944 Jamhuri ya Kabardino-Balkaria ikawa Jamhuri ya Kabardia tu. Mwezi mmoja tu baada ya treni kuondoka, upande wa pili wa kistari ulikuwa umefutwa.

Jaribu kuwaza elibizden inasemwa wapi hasa. Kabla ya 1943 ilikuwa sentensi ya mtu aliyeshuka sokoni: jibini hii imetoka kijijini kwetu, bwana harusi huyu ni wa kijijini kwetu. Uhamishoni, kilomita elfu mbili na zaidi kutoka Elbrus, lilikuwa jibu la swali la kwanza ambalo mwenyeji angeuliza. Na mwenyeji alilielewa. Hili ni jambo ambalo wapanga ramani wa Moscow sidhani walilifikiria: waliwapeleka watu hawa kwa ndugu zao wa lugha. Mkirgizi husema elibiz, "taifa letu, watu wetu". Mkazakh husema elimiz. Mzizi ni mmoja, mpangilio ni mmoja, mwenye mali kwanza na mwelekeo baadaye. Mwanamke wa Chegem aliyeteremshwa kwenye stesheni ya nyikani majira ya baridi hakuwa na mkate, lakini alipofungua kinywa, nusu ya maneno yake yalifika.

Sitaki kuipamba sana picha hiyo. Maelfu walikufa kwa njaa, baridi na homa ya chawa, hasa miaka miwili ya kwanza. Shule hazikufundisha kwa lugha yao. Kila mtu mzima alipaswa kujiandikisha kwa kamanda wa eneo na hakuruhusiwa kusafiri bila kibali. Tarehe 26 Novemba 1948 ikatoka amri nyingine: uhamisho ni wa milele, na atakayetoroka atapata miaka 20 ya kazi ngumu. Kwa hiyo elibizge, "kwenda kijijini kwetu", likawa neno unaloweza kufungwa nalo miaka 20 ukilitenda. Elibizde, "kijijini kwetu, humo ndani", likabaki la hadithi za usiku. Kati ya hali zote za mahali ni ile ya kutoka peke yake iliyokuwa halali.

Mtoto aliyezaliwa katika majira ya baridi ya kwanza huko Kirgizia alifikisha miaka kumi na mitatu bila kuliona bonde lao. Fikiria alivyojifunza lugha. Hakufundishwa -ibiz kwa kuonyeshwa kitu kwa kidole. Alipewa kiambishi kwanza, na kitu chenyewe akaahidiwa. Kwa Kiswahili ingekuwa rahisi zaidi kumdanganya, kwa sababu kwetu umiliki unapatana na mahali: nyumba yetu, lakini nyumbani kwetu. Ile -ni ikishafika, nyumba haitawali tena. Kw- inafuata mahali. Kisha "kwetu" inaweza kusimama peke yake bila nyumba yoyote, na mtu akahamia mjini akasema kwetu Tandale baada ya miaka miwili. Kwao kiambishi hakiwezi kusimama peke yake. Lazima kiwe na kijiji cha kushikia.

Hapa najizuia. Ni rahisi sana, na ni kosa wanalolifanya watu wa fasihi kila siku, kuiona sarufi kama roho ya taifa: kwamba watu hawa walidumu kwa sababu umiliki wao uko karibu na mzizi. Viambishi havikumlisha mtu. Wajerumani wa Volga nao walihamishwa, na lugha yao haina -ibiz. Warusi walioandika amri zile walikuwa na hali sita katika nomino zao wenyewe. Sarufi haichagui upande.

Tena "-etu" ina makali yake. Wasvani, watu wa milima ya Georgia, waliletwa kukaa katika nyumba za Wakarachay. Wengine hawakuulizwa kama wanataka. Walilima pale miaka kumi na zaidi, watoto wakazaliwa, na wenyewe waliporudi ikawabidi wao kuondoka. Kijiji kimoja kilikuwa na "-etu" mbili. Na kule Kabardino-Balkaria, sheria za mwaka 2005 kuhusu mipaka ya vijiji na malisho yaliyo kati yake ziliwatoa Wabalkar barabarani kuandamana, wakihofia kwamba nyanda za juu zitatoka mikononi mwao tena, safari hii kwa makaratasi. Majirani zao Wakabardi wana "-etu" yao katika lugha yenye sarufi tofauti kabisa, na hawaoni kwa nini ya mwingine iwe nzito zaidi.

Rudi nyuma kidogo. Kati ya waliopakiwa Machi 1944 alikuwamo mzee wa miaka themanini na kitu, Kazim Mechiev. Alizaliwa 1859 katika kijiji cha Shiki, kwenye korongo la Khulam na Bezengi. Alikuwa mhunzi, kilema wa mguu, aliyehiji Makka na kuandika mashairi ya Kibalkar kwa herufi za Kiarabu. Wabalkar humhesabu kuwa baba wa fasihi yao. Kwetu angekaa vizuri barazani pamoja na washairi wa zamani wa pwani: mkono mmoja nyundo, mwingine kalamu ya mwanzi. Alifia Kazakhstan mwaka 1945, mwaka mmoja baada ya safari, na akazikwa huko.

Mdogo wake kwa karibu miaka sitini alikuwa Kaisyn Kuliev, mzaliwa wa Chegem, askari wa miamvuli na mwandishi wa habari za vita, aliyejeruhiwa akiipigania nchi iliyowahamisha watu wake wakati yeye yuko mbali nao. Alikwenda kuishi Frunze, mji ambao sasa ni Bishkek, karibu na wenzake, na kwa miaka mingi aliwatafsiri washairi wa Kirgizia wakati mashairi yake mwenyewe hayachapishwi. Nadhani kazi hiyo haikuwa ya bure kwa lugha. Mtu anayekaa kila siku ndani ya lugha pacha ya kwake hulazimika kujua kwa hakika mpaka uko wapi: hapa wao wana -nin na -ni, sisi tuna -ni peke yake, hapa r yao ipo, yetu imedondoka. Alirudi, akawa mshairi mkubwa wa Kibalkar wa karne hiyo, akafariki 1985.

Vizuizi vya ukamanda viliondolewa mwaka 1956, ila bila ruhusa ya kurudi. Ruhusa ikaja Januari 1957. Jamhuri ikarudishiwa kistari chake na Klukhori ikaitwa Karachayevsk. Wabalkar huadhimisha tarehe 28 Machi kuwa siku ya kufufuka kwa taifa lao, Wakarachay tarehe 3 Mei. Treni zilirudi na wazee wachache kuliko waliokwenda, na watoto wengi ambao kwao huko kulikuwa kwenda, si kurudi. Mwaka 1976, huko Nalchik, ikachapishwa sarufi kubwa ya lugha hiyo ikiwa na majedwali yote. Aliev angeyatambua. Viambishi vilikuwa vilevile.

Sasa hivi hatari ni ya namna nyingine na haina askari. UNESCO imeiorodhesha lugha hii miongoni mwa zilizo hatarini, ingawa si katika ngazi mbaya zaidi. Sheria ya Urusi ya mwaka 2018 ilifanya somo la lugha ya asili kuwa la hiari katika jamhuri zote, na mzazi wa Nalchik mwenye kuwaza mitihani, chuo na ajira anapiga hesabu ambayo mzazi wa Moshi au Kakamega anaijua vizuri. Vijijini watoto bado huongea. Mjini wengi huelewa, wakajibu kwa Kirusi.

Mwaka 1999 mabaki ya Kazim Mechiev yalichukuliwa kutoka Kazakhstan na kuzikwa upya. Hayakupelekwa Shiki. Vijiji vingi vya juu makorongoni havikujengwa tena baada ya 1957. Waliorudi waliwekwa chini zaidi, karibu na barabara na mashamba ya ushirika. Alizikwa Nalchik, mji mkuu, chini ya milima. Lugha yake ina neno jurt, nchi ya mababa, lililo kubwa kuliko el. Kaburi la mhunzi liko jurtubuzda, katika nchi yetu. Haliko elinde.